Tulivyomuaga Kocha

Kocha alipostaafu, Watanzania wa Stockholm tukaamua kumfanyia sherehe ya kumuaga, kwenye ukumbi mmoja kule Alby. Nasema "tukaamua" kwa adabu tu. Ningeachiwa mimi niamue, ningempa mkono wa kwaheri pale kituoni nikapanda treni yangu kurudi Farsta.

Huyu bwana amemaliza maisha yake ya kazi akifundisha michezo kwenye chuo kimoja hapa mjini: mpira wa miguu wakati wa joto, kikapu wakati wa baridi. Kazi mbili, na hakuna hata moja aliyoijua. Timu ya kikapu ikifungwa, alisema yeye hasa ni mtu wa mpira wa miguu. Ya mpira wa miguu ikifungwa, eti moyo wake uko kwenye kikapu. Theluji ilimfunga, waamuzi walimfunga, hata taa za uwanja ziliwahi kumfunga. Yeye mwenyewe hakuwahi kukosea. Na kile kipenga alikivaa mpaka misibani. Nimemwona kwa macho yangu akiwapa pole wafiwa, kipenga kinaning'inia juu ya tai, na watu wazima na akili zao wanamwamkia "shikamoo kocha" kana kwamba katuletea kombe. Debe tupu haliachi kuvuma, sawa, lakini na sisi tunaolisogelea tulisikilize tuna kasoro zetu.

Binti yangu alimchezea kikapu. Alikuwa mrefu, mwepesi, na alimsikiliza yule mtu kuliko alivyonisikiliza mimi niliyempikia. Siku moja, kabla ya mechi, goti lilimvimba. Akamwambia kocha. Kocha akamjibu kwamba maumivu yako kichwani, hayako gotini, akamwingiza uwanjani. Goti likaachia mbele yangu, nimekaa kwenye benchi la wazazi. Akapasuliwa, akalala wiki na wiki, na kocha hakuja wala hakupiga simu. Msimu wa kikapu ulikuwa umekwisha, mwenzangu. Alikuwa na wale wa mpira wa miguu. Binti yangu hakucheza tena. Siku hizi anatembea vizuri, ila ngazi anazipanda kwa kushika chuma.

Basi kamati ya sherehe ikamwomba yeye ndiye amvishe kocha kitenge, kwa niaba ya wachezaji wa zamani. Nikamwambia akatae. Akanijibu kwa Kiswidi, kama anavyofanya akitaka mazungumzo yaishe, kwamba kocha akimwona atasema kitu. Kitu gani? Chochote, mama. Hata pole. Akasuka nywele upya, akanunua viatu. Nilimtazama nikaumia. Mtu mzima, ana kazi yake na nyumba yake, na bado anangoja neno moja kutoka kwenye kinywa kile.

Risala ilisomwa, ndefu, na ndani yake wakamwita mlezi wa vipaji. Nikanywa maji. Kisha wanawake wakapiga vigelegele, binti yangu akapanda jukwaani taratibu, akamvisha kitenge mabegani na kukinyoosha vizuri. Akabaki amesimama pale, anamwangalia usoni. Kocha akamkumbatia huku kipaza sauti kiko mkononi, kwa hiyo ukumbi mzima tulisikia.

"Asante sana, mwanangu. Wewe ni mtoto wa nani?"

Watu wakacheka, wakidhani anatania. Binti yangu akaninyooshea kidole. "Wa yule pale," akasema. Akashuka, akakaa kando yangu, akaanza kukunja kitambaa cha karatasi, anakikunja na kukikunjua. Nilitaka kuinuka nimwambie yule mzee asiye na haya kila kitu mbele ya mkewe na kamati yake. Binti yangu akanishika mkono chini ya meza, akaubana.

Wakati wa kula kocha akawa anazunguka mezani kwa watu na sahani yake ya pilau, anapokea pongezi. Akafika kwetu. Akamtazama binti yangu kuanzia kichwani mpaka kwenye vile viatu vipya, akatikisa kichwa.

"Dada yangu, kumbe una binti mrefu hivi? Miaka yote hii umekaa naye tu, hukumleta kwangu nimfundishe kikapu?"

"Nilimleta," nikasema.