Presha Yangu na Wageni wa Jumapili

Mwaka niliochaguliwa kidato cha tano, shule ya bweni ilitaka kila mwanafunzi apimwe afya kwanza. Kwenye zahanati moja mjini Moshi, nesi aliponifunga mkanda mkononi, moyo ulianza kupiga kama mashine ya kukoboa mahindi. Presha ikawa juu. Akanipumzisha, akarudia. Ikapanda zaidi.

"Mdogo wangu," alisema, "ninakupima, sikunyongi."

Alikataa kunipitisha. Alieleza kwamba vijana wengine hupandwa na presha kwa kuona koti jeupe tu, basi nikapimwe nyumbani siku kadhaa, nimekaa, nimenyamaza, kisha nimpelekee majibu. Bila hayo, nisahau habari za bweni.

Mimi ni mtu wa kuogopa kukosea. Niliazima kijitabu cha afya, nikajifundisha kupumua taratibu, na nikajizoeza kwa bidii hadi nikashikwa na kizunguzungu na kuangukia debe la pumba za ng'ombe.

Mama mkubwa akapanda hadi kwetu Kibosho kutoka Himo na kipimo chake cha betri. Kosa letu lilikuwa kuanza Jumapili baada ya misa, saa ambayo kila mtu humpitia kila mtu. Mkanda ulipoanza kujaa, akaingia mzee jirani. Kwetu mtoto hamwamkii mzee akiwa amekaa. Nikasimama, kipimo kikining'inia mkononi kama kuku anayepelekwa sokoni, nikatoa shikamoo. Nikakaa. Akaingia mkewe. Nikasimama tena. Majibu yakazidi yale ya zahanati.

Aliyefuata alikuwa mama mmoja wa kwaya. Yeye nilimwinamishia kichwa tu nikiwa nimekaa, mdomo nimeufunga kama nesi alivyoagiza. Akamgeukia mama yangu.

"Huyu shule yenyewe hajafika, salamu zimeshamtoka?"

Hapo sikuhitaji kipimo. Presha niliisikia masikioni.

Bibi, aliyekuwa anamenya ndizi za mtori, alinyanyuka, akabeba kigoda chake na kukiweka katikati ya mlango. Hakuna aliyemzidi umri pale kihambani, kwenye nyumba na migomba ya ukoo, kwa hiyo kila mgeni ilibidi amwamkie yeye kwanza, na salamu za bibi hazina haraka. Aliulizia ng'ombe, akaulizia kahawa, akaulizia goti la shemeji wa mtu. Wageni wakajazana uani. Ndani pakatulia.

Kipimo kikalia. Presha ilikuwa ya kawaida kabisa. Nikaomba turudie, pengine kimekosea. Mama mkubwa akanivua mkanda.

"Imetosha. Ukiitafuta tena utaipandisha."

Asubuhi zilizofuata bibi alishika mlango vilevile, na majibu yakawa mazuri. Nesi aliyasoma, akagonga muhuri, akanitakia masomo mema. Nikamwomba anipime na yeye mara moja tu, ili tuwe na uhakika. Akanishika mabega, akanigeuza, akanisukuma polepole hadi nje.