Maji ya Kulinganishia

Mtaa mzima wa nyuma ya mashamba ulimwita Mama Taa. Kazi yake ilikuwa kuupima udongo na maji kwa mwanga wa infraredi, mwanga usioonekana kwa macho, ili mashine ionyeshe kiasi cha naitreti, ile chumvi ya mbolea inayozama ardhini mpaka visimani. Alikuwa mwepesi wa utani na mwepesi wa mikono. Wepesi wa pili ndio uliomponza.

Mashine ile ina masharti. Maji yenyewe hufunika alama ya naitreti, kwa hiyo kwanza unaionyesha maji safi kabisa, yaliyogeuzwa mvuke na kupoozwa. Inayakariri, kisha inayatoa katika kila kipimo. Kinachobaki ndicho uchafu. Mtambo wa kusafishia maji hayo ulipoharibika, Mama Taa alikinga ya bomba la uani. Yalikuwa maangavu. Hakujiuliza yanatoka wapi. Yalitoka katika tangi linalojazwa na kisima kilekile alichokuwa akikipima.

Mdogo wake alikuwa amejifungua, maziwa yakakataa kutoka, mtoto akawa wa chupa.

"Dada, kisima chetu vipi? Nimchanganyie mtoto?"

"Mchanganyie. Mashine imesoma sifuri. Yangekuwa machafu ningekuacha unywe? Nani angenipikia Jumapili?"

"Una mdomo wewe."

Sifuri lazima itoke, kisima kikitolewa katika kisima. Mama wa mtoto aliyachemsha maji kwa bidii, asijue kwamba moto huua vijidudu lakini naitreti huiacha ikazidi ukali. Midomo ya mtoto ikaanza kuwa ya buluu, kisha kucha. Hospitali walipomtoa damu, ilitoka ya kahawia, kama damu iliyozuiwa na naitreti kubeba hewa.

"Anakunywa maji gani?" daktari aliuliza.

Mama Taa alilisikia swali akiwa mlangoni. Aliomba kwa mfamasia chupa za maji ya sindano, yasiyo na chumvi yoyote, akakimbilia maabara, akapima upya. Mstari kwenye skrini ukapanda kama mlima. Alipopiga simu wodini, mume wa mdogo wake ndiye aliyepokea, akasema mtoto ameshafunikwa shuka mpaka usoni.

Mkuu wake wa kazi akamshauri: "Watoto hufa kwa mengi, mama. Maji yakimwagika hayazoleki. Nyamaza, tutengeneze mtambo."

Wapo watakaouita ushauri huo huruma. Mimi nauita kuchimba kaburi la pili.

Mama Taa hakunyamaza. Alimkuta mdogo wake hospitalini, ameketi sakafuni, ameegemea ukuta.

"Maji yale ni mabaya," alimwambia. "Nilipima ovyo. Niliona tabu kutafuta maji safi ya kulinganishia, nikachukua ya bomba."

Mdogo wake hakulia wala hakumtukana. "Nani mwingine umemwambia ni mazuri?"

"Mtaa mzima."

"Sasa hapa umekaa unafanya nini?"

Mama Taa akatoka. Nyumba ya kwanza ilikuwa ya jirani mjamzito aliyekaribia kujifungua. Alipobisha hodi, jirani alimkaribisha kwa utani, maana habari ya msiba ilikuwa haijamfikia.