Taa za Kijani za Mwalimu Anselm

Mpwa wangu Anselm alirithi kwangu pua na ukaidi. Akili sijui aliitoa wapi, maana mimi, Omari fundi redio wa Gongoni, darasa la nne tu lilinitoa jasho. Lakini njoo kwenye nyaya! Tabora nzima ikisikiliza taarifa ya habari, ujue mkono wangu umepita humo.

Ndiyo maana mwaka ule wa mkutano wa walimu wa vyuo, mwanzoni mwa miaka ya sabini, chuo cha hapa mjini kiliniita mimi. Mtaalamu mmoja alitoka pwani na mashine za kufundishia hesabu. Eti zina akili ya kutengenezwa: zinamuuliza mwanafunzi swali, zinamsubiri abonyeze kitufe, akikosea zinamrudisha nyuma kumfundisha upya. Nikavuta waya kutoka darasani, walikokaa wanafunzi na mashine zao, hadi ukumbini kwa wageni, kwenye ubao wa taa, kila mwanafunzi na yake. Jibu sahihi, taa ya kijani. Kosa, nyekundu.

Anselm alinikuta juu ya ngazi.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba, mwalimu. Mbona uso kama umemeza koleo?"

Hakucheka. Alikuwa akifundisha hesabu chuoni hapo bila cheti cha ukufunzi, na mkuu wake alikwisha kumwambia: mashine zikifaulu leo, zinashika nafasi yake, naye anapelekwa shule ya msingi huko Ziba.

"Mjomba, huo waya... hauwezi kukatika kidogo?"

"Waya wa Omari haukatiki!"

Akainamisha kichwa. Nilipomwona hivyo, nikatamani ningekuwa fundi mbovu.

Sasa mjue namna yake ya kufundisha. Kwetu Unyamwezini watu wakilima pamoja, kila mtu na tuta lake, anayewahi kufika mwisho hapumziki. Anageuka kumlimia aliyebaki nyuma, hadi wote watoke shambani pamoja. Anselm alifundisha hesabu hivyo hivyo. Masolwa, kijana mwepesi kama swala, hakuhesabiwa kuwa amemaliza kabla hajamrudia Bertila, binti ambaye hesabu za sehemu zilikuwa zikimliza.

Mtaalamu akatangaza kwamba huo ni mtihani, na mashine haihitaji msimamizi. Tukabaki kizingitini, kati ya darasa na ukumbi, mimi na Anselm, jicho moja darasani, jingine ukumbini.

Taa zikaanza. Ya Masolwa kijani, kijani, kijani. Ya Bertila nyekundu. Anselm akaniminya mkono. Nyekundu tena. Niliona tumaini likimpanda usoni na aibu ikilifuata, kwani mwalimu gani anaombea mwanafunzi wake ashindwe?

Kisha Masolwa akamaliza. Akasogeza kiti, akamgeukia Bertila, akaanza kumnong'oneza huku kidole kikichora mezani, kama alivyofundishwa. Wengine nao wakageukiana. Huko ukumbini ubao mzima ukawa kijani kama mpunga wa masika. Wageni wakasimama kupiga makofi.

"Ndugu zangu, mmemwona yule aliyeanza na nyekundu?" mtaalamu alipaza sauti. "Mashine imemfundisha!"

"Sema!" nilimsukuma Anselm. "Sema wamesaidiana!"

"Kusaidiana kwenye mtihani ni kufukuzwa chuo, Mjomba. Wote."

Mwenyekiti akamwita mbele. "Ndugu Anselm, wewe ndiye mwalimu wao. Una neno?"

Alisimama mbele ya wakubwa wale, kofia mkononi. Nilidhani atalia.

"Sina, Ndugu Mwenyekiti."

Nilimsindikiza stendi na godoro lake kichwani mwangu. Nikamtania kwamba huko Ziba atawafundisha ng'ombe kugawana nyasi. Alijaribu kucheka, kikatoka kikohozi.

"Mjomba, umtazame Bertila," akasema, basi likaondoka.

Muhula uliofuata chuo kikaniita nikatazame nyaya. Walikuwa wamewatenga wanafunzi kwa mbao, kila mtu na mashine yake, asimwone jirani. Ubao wangu wa taa walikuwa wameuhamishia humo humo darasani; Bertila alikaa peke yake, taa yake nyekundu, amechoka hata kulia. Masolwa, upande wa pili wa mbao zile, alikwisha kumaliza. Amekunja mikono, anatazama dari.

"Fundi, waya wako mbovu!" mkuu alinifokea mbele ya wote. "Mbona siku ya mkutano taa zote zilikuwa kijani?"

Waya wangu! Mimi, Omari! Jibu lilikuwa kwenye ncha ya ulimi. Nikamtazama Bertila, naye akanitazama.

Nikapiga magoti chini ya meza, nikatoa bisibisi, nikakaza skrubu ambazo hazikuwa zimelegea.