Aliyechuchumaa Chini ya Mkorosho wa Mjomba

Ukitaka kucheka, cheka tu, Nachingwea nzima imeshanicheka. Lakini haya yalinitokea mimi mwenyewe, kule Marambo, na ule mkono ulionishika kichwani ninausikia mpaka leo.

Mjomba alipofariki, kwa desturi yetu shamba la mikorosho lilinijia mimi, mpwa wake. Mjane wake, Bi Somoe, alibaki kwenye nyumba iliyo humo humo shambani. Mimi nilishapata mnunuzi. Angekuja asubuhi ya siku hii ninayokusimulia, na Bi Somoe ingembidi ahame. Sikuwa nimemwambia.

Kulipopambazuka nikaenda kupulizia salfa, ile dawa ya unga ya mikorosho, kabla upepo haujaanza, ili mnunuzi akute shamba lina matunzo. Nafika, chini ya mkorosho mkubwa kuna mtu amechuchumaa, mweupe kwa unga wa salfa toka utosini mpaka miguuni. Sasa niambie, wewe ungemdhania nani? Mjomba akimaliza kupulizia alikuwa akipumzika chini ya mti ule ule, amechuchumaa vile vile, mweupe vile vile.

Nikapiga magoti, mashine yangu ya kupulizia mgongoni.

"Shikamoo, mjomba."

Akaguna. Akanyoosha mkono mrefu, wa baridi, akanishika kichwa, akaanza kunipekua nywele polepole. Niamini, nilijikojolea.

"Siuzi, mjomba," nikalia. "Wallahi siuzi. Bi Somoe atakaa hapa hapa mpaka Mungu amchukue."

Mara akatokea jamaa anahema, ana ndizi mkononi, na watu nyuma yake. Alikuwa mtunzaji wa bustani ya wanyama iliyofunguliwa njia ya Ruangwa. Sokwe wao alitoroka jana yake, akalala kwenye banda langu la shambani na kupasua mfuko wa salfa. Sokwe akaniachia, akafuata ndizi zake. Watu walicheka mpaka wakakaa chini.

Bi Somoe hakucheka. Alikuwa amesimama nyuma yangu na kikombe cha uji, sijui tangu saa ngapi.

"Ulikuwa unaongea na nani, mwanangu?"

"Na mjomba, mama."

"Basi amesikia," akasema, akanipa uji.

Mnunuzi nilimrudisha. Mpaka leo siwashi mashine kabla ya kuusalimia mti ule, maana katika mikorosho yote ya Marambo, sokwe aliujuaje huo? Na wewe unayetaka kuuza ulichoachiwa na marehemu, mwambie mjane wake kwanza, jua likiwa limetoka. Usisubiri uende kujieleza shambani peke yako.