Wazee Wasiolalamika

Watu wakisikia kwamba nilikuwa nesi Kigali miaka ile, hunikazia macho wakingoja niseme habari za mwaka wa tisini na nne. Hizo nilishazisema mbele ya waliopaswa kuzisikia, na nilizililia mpaka nikachoka. Leo naandika habari za miaka miwili kabla yake, za kazi ambayo nikiikumbuka kichwa kinapanda juu. Naringa, ndiyo. Niacheni niringe.

Mimi ni mtoto wa Muhima, mtaa wa Waswahili pale Kigali. Baba alikuja na biashara ya vitenge kutoka Kigoma, akaoa, akakaa, na nyumbani kwetu Kiswahili ndicho kilichotulea na ndicho kilichotugombeza. Kwetu mtu akiudhika anasema. Akiumwa ndiyo usiseme, mtaa mzima utajua. Mama akiumwa jino moja, nyumba nzima hatulali. Kwa hiyo nilipopangiwa wodi ya wazee wenye saratani, nikawakuta watu wazima wanaumwa kimya, wamelala wamenyooka na shuka zimekunjwa vizuri kifuani, nilishindwa kuwaelewa kabisa.

Ugonjwa wao ulikuwa saratani ya mitoki, yaani zile tezi za shingoni, kwapani na kwenye kinena. Zinavimba, mtu anakonda, jasho linamlowesha hadi godoro. Vijana wenye ugonjwa huo walitibiwa kwa dawa kadhaa kwa pamoja: nyingine kwenye dripu, nyingine sindano ya mshipa, nyingine vidonge. Wazee hawakupewa. Walipewa dawa moja tu ya kuwapoza, wakaambiwa miili yao haitazimudu zote. Daktari wetu, Mnyarwanda aliyesomea Ubelgiji, mtu mrefu asiyejua kunyamaza, hilo lilimkera. Kila kikao alikuwa akiuliza swali lilelile: "Nani aliwajaribu akaona hawaziwezi?" Mwishowe akaruhusiwa kuwajaribu wazee wachache waliokubali wenyewe, aanze na kipimo kidogo, kisha apandishe au ashushe kwa kadiri kila mmoja atakavyosema anajisikia.

Kwa kadiri atakavyosema! Hapo ndipo tulipokwama, kwa sababu hawakusema.

Mzee wa Kinyarwanda aliyelelewa vizuri, ukimkaribisha maziwa anakunywa na kushukuru, hata kama yameshika moshi, hata kama tumbo linamkataa. Kukitoa kasoro kitu ulichopewa ni kumvunjia heshima aliyekupa. Dawa zetu walizipokea vivyo hivyo. Walijua vita viko kaskazini, walijua mizigo inachelewa, walimwona daktari anavyohangaika kuzipata. Sasa wangewezaje kusema zinawaumiza? Nikiuliza "Amakuru?", yaani habari zako, najibiwa "Ni meza", nzuri. Umetapika? Ni meza. Vidole vina ganzi? Ni meza. Choo je? Hapo mzee anageukia ukutani, maana mimi kwake ni binti, na binti wa watu huzungumzi naye mambo ya choo.

Bibi mmoja wa mtaa wa Kimisagara ndiye aliyetufunza ubaya wa adabu hiyo. Dawa zile zinapunguza chembe nyeupe za damu, askari wa mwili, na siku chache baada ya dripu homa ndogo tu inaweza kumchukua mtu. Tulimwambia: mama, ukisikia baridi, sema papo hapo. Tulimpima joto asubuhi, alikuwa sawa. Adhuhuri baridi ikamwingia, akajifunika blanketi hadi kidevuni, nikapita, nikamwuliza, akatabasamu: ni meza. Jioni tulipompima tena tulikuwa tumechelewa. Nililia kwa hasira. Nilimkasirikia marehemu, Mungu ananijua, nikamwambia pale pale kitandani, "Sasa umefanya nini, mama? Umefanya nini?"

Mkuu wa idara alituita. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa amechoka kuzika tu. "Akifa mwingine namna hii," alisema, "nafunga. Wazee warudi kwenye dawa yao moja."

Aliyefuata kwenye dripu alikuwa mzee wa Rebero, mwenye shamba la migomba kule juu kilimani, uvimbe shingoni umefika ukubwa wa parachichi. Mkewe alikuja kila mchana na kapu kichwani, anakaa miguuni pake, hawasemezani sana. Mzee mpole, msafi, anakukaribisha kitandani kwake utadhani ni sebuleni. Nilipomwangalia nilijua huyu ndiye atakayekufa akiwa amenishukuru.

Asubuhi moja, baada ya dripu yake ya pili, nikakuta uji wake haujaguswa. Nikamwuliza uji vipi. Ni meza. Na mdomo? Ni meza. Mdomo wenyewe nauona, umepasuka, vidonda mpaka pembeni! Hasira zikanipanda, nikasahau nesi, nikasahau sare, ikatoka Muhima yote:

"Lahaula! Mume gani wewe? Nakupikia uji unaninunia! Kumbe una mke mwingine kule Rebero, ndiye unayekula kwake!"

Nilitamani ardhi inimeze. Ni ulimi wa nyumbani huo: babu yangu mzaa mama aliniita mke wake tangu najifunza kutembea, tukatukanana kila siku ya Mungu, yeye akinisuta kwamba sijui kupika, mimi nikimsuta kwa kukosa meno. Huo ndio utani wa babu na mjukuu, lakini huyu hakuwa babu yangu.

Mzee akanitazama. Kisha mabega yakaanza kutikisika, akaziba mdomo kwa kiganja kwa sababu kucheka kulimuuma.

"Niko naye," akasema, kwa Kiswahili chake alichokiokota Kampala akiwa fundi matofali. "Ile mwingine, uji yake iko baridi. Yako inachoma mudomo kama pilipili."

"Inachoma tangu lini?"

"Tangu juzi, mke yangu."

"Na vidole?"

"Vidole vimerara. Kifungo ya shati inanishinda. Wee mwanamuke gani, unaona bwana yako kifua wazi na hufungi?"

Wodi ikaangua kicheko. Nilimfunga vifungo, naye, mbele ya watu wote, akanieleza tumbo lake, usingizi wake, na choo kilichogoma tangu Jumapili, yote kwa kunisuta kwamba ni mapishi yangu. Desturi ile kwao ipo vilevile. Babu humwita mjukuu mke, na mjukuu haonewi haya. Sisi tulikuwa tumewauliza kama mabinti na watoto wa kiume, na mzee hamlilii mwanawe.

Nilimpelekea daktari habari mbiombio. Akapiga meza, akacheka mpaka akavua miwani, na kesho yake asubuhi akaingia wodini akiuliza kwa sauti, "Ni babu yupi huyo aliyeninyang'anya nesi wangu?" Jamani, mambo yalibadilika! Manesi wote tukapata waume. Bibi wawili wakamgombania daktari, kila mmoja akimlaumu kwamba mahari aliyotoa ni sindano tupu, na katika kulaumu wakitaja kila kilichowauma. Sasa daktari aliweza kufanya alichotaka kufanya tangu mwanzo. Huyu alipunguziwa ile sindano inayotia vidole ganzi, yule akaongezewa vidonge, mwingine akapumzishwa wiki moja zaidi. Mitoki ikaanza kunywea. Ya mzee wa Rebero niliipapasa kila asubuhi, na kila asubuhi vidole viliitafuta zaidi kabla ya kuipata.

Halafu ikaja siku ya kukaguliwa. Mkuu wa idara alileta wakubwa wenye tai, wengine wa wizara, wengine wageni kutoka nje, waje waone kama kazi iendelee. Daktari akawapeleka moja kwa moja kwa mzee wa Rebero. Mkuu akainama kwa heshima akamwamkia, "Mzee, amakuru?"

"Ni meza cyane," akasema mzee. Nzuri sana.

Wakatabasamu. Wakaitazama shingo yake, wakatikisiana vichwa kwa kuridhika, wakaanza kusogea kitanda cha pili. Mimi macho yangu yalikuwa kwenye blanketi. Lilikuwa linatetemeka.

"Mume wangu," nikasema, mbele yao wote, "unanificha nini?"

Mkuu aligeuka akaniangalia kana kwamba nimepandwa na wazimu. Mzee naye akaniangalia, kisha akawaangalia wale wakubwa, na niliona anavyotaabika. Utani wetu haukuwa na nafasi pale. Mbele ya watu kama wale mzee mzima hatanii, na halalamiki kamwe. Mkewe alikuwa ameingia na kapu lake, amesimama mlangoni akiogopa kupita.

Mzee akajiinua kwa viwiko, akakaa. Akazungumza Kinyarwanda, polepole, bila mzaha hata chembe.

"Nimewadanganya. Nina baridi tangu kabla hamjaingia. Dawa yenu ni kali, inaniumiza. Lakini uvimbe unaondoka, na mimi sitaki kufa. Nisaidieni."

Mkuu wa idara, yeye mwenyewe, akachukua kipima joto mkononi mwangu akakiweka kwapani mwa mzee, akasubiri amekishika. Homa ilikuwepo. Tulitundika dripu ya antibiotiki wakubwa wakiwa bado wamesimama pale, na mmoja wao akatushikia chupa tulipokuwa tunatafuta mshipa.

Niseme mapema nisikuweke roho juu: kesho yake homa ilishuka. Mkuu akatuambia tuendelee, na wazee wengine wakaletwa kutoka mikoani. Mzee alimaliza dripu zake zote akapanda Rebero kwa miguu yake. Wakati ule daktari alimweleza kila aliyetaka kusikia kwamba wazee wanaziweza dawa za pamoja, mradi waulizwe vizuri, na mimi nilisimama nyuma yake nimevimba kwa fahari.

Lakini mchana ule, mshipa ulipopatikana na wakubwa walipoondoka, nilimkuta mkewe barazani, ameketi sakafuni akilia, kapu pembeni, mikono mapajani. Nilichuchumaa nikamwambia asiogope, tumewahi. Akatikisa kichwa kwamba si hilo linalomliza.

"Nimezaa naye watoto saba, tumezika watatu," akaniambia. "Sijawahi kumsikia akiomba kitu."