Bongo Mbili na Ndimu

Sayansi nilijifunza mwenyewe kwa vitabu vya kuazima, kwa hivyo huogopa kufanya jambo nusunusu. Bi Zuhura, daktari wa mifugo, alikubali kunijaribu kazini. Nikiharibu, basi. Alinipa bongo mbili za mbuzi, mmoja wa mbuzi mzima, mmoja wa aliyekufa kwa ugonjwa wa kizunguzungu, nizigandishe tu kwenye barafu. Zingepelekwa Ulaya, kwenye mashine ya sumaku inayosoma kemikali za ubongo, tujue ugonjwa ulibadilisha nini.

Zilikuwa na damu. Kwetu Mlandege kitu kama hicho hakikai kwenye barafu bila kuoshwa. Niliziosha vizuri kwa ndimu na chumvi, nikajisifu moyoni.

Majibu yalipokuja, Bi Zuhura aliniita mbele ya wenzake.

“Naam, Bi.”

“Mashine haikuona tofauti yoyote. Imeona tindikali ya ndimu tu. Mbuzi hawa walikuwa wakinywa sharubati?”

Nikamweleza nilivyoziosha, bila kuruka kitu.

“Na pilipili je, mwanangu, hukutia?”

Kwa kuwa sipendi kutoa jibu pungufu, nilimwambia pilipili hutiwa wakati wa kukaanga.