Katekista aliyenuka pombe bila kuonja hata tone: corona ilivyovuruga mwili wa mdogo wangu

Wakuu, nawasalimu kwa heshima. Nisomeni taratibu, kwani jambo hili lilitukia mbele ya macho yangu na sina sababu ya kulitia nakshi.

Mimi ni mwalimu wa historia hapa Musoma mjini. Wanaonifahamu wanajua sina huruma na ulevi. Nimewahi kuondoka kwenye harusi ya ndugu kabla ya chakula kwa sababu mshenga alishindwa kusimama wima.

Ndiyo maana niliitwa nyumbani Butiama. Mdogo wangu Magesa, katekista wa kigango chetu, alikuwa ameshtakiwa kwa pombe, na familia ilitaka dada yake mkali awepo.

Turudi nyuma kidogo.

Enzi zile za barakoa, Magesa alikwenda semina Bunda, akapata corona, akalazwa hukohuko na kuwekewa oksijeni. Akatoka hai. Akarudi kwa mkewe arudishe nguvu.

Nanyi mnajua mgonjwa anavyotunzwa kwetu. Soda. Glukosi. Uji wa ulezi wenye sukari ya kutosha watu watatu. Kila mgeni alikuja na chupa yake, na kuikataa ni kumtukana.

Badala ya kunenepa, akakonda. Alikunywa maji kama aliyelamba chumvi. Usiku alitoka nje kukojoa mara kwa mara, majirani wakasema anakwenda kilabuni.

Kisha kinywa chake kikaanza kutoa harufu tamu, kama ya ndizi zilizofukiwa zikaanza kuchacha. Baba yetu mdogo Wambura, mwenyekiti wa kigango, aliinusa kanisani. Akamnyang'anya funguo za kanisa na kuitisha kikao cha familia.

Kwa katekista, kunyang'anywa funguo hizo ni sawa na kuvuliwa nguo hadharani.

Nilimkuta ameketi katikati ya ua, ameinamisha kichwa.

"Magesa, ulikuwaga kijana mzuri," alianza baba mdogo. "Sema tu ulianza lini, tukuombee."

"Baba, sinywi. Nina kiu tu."

"Kiu! Hata wenzako wa kilabuni wanasemaga hivyohivyo!"

Watu wakacheka.

Wakanigeukia mimi. Nikauliza: nani alimwona akinywa? Wapi? Pamoja na nani? Wote walikuwa na pua. Hakuna aliyekuwa na macho.

Nikamsogelea. Harufu ilikuwepo kweli, sitaificha. Lakini macho yalikuwa yamezama, midomo imepasuka, na alikuwa anahema. Pumzi ndefu, nzito, za mtu aliyepanda mlima, ilhali hakuwa ameinuka kwenye kile kigoda. Nimeishi jirani na walevi miaka mingi. Mlevi hahemi vile.

Ghafla akatapika.

"Hiyoo! Inatoka yenyewe!" sauti ikatokea nyuma.

Nikasema anakwenda hospitali sasa hivi.

"Mwalimu, kikao hakijafungwa," baba mdogo akanizuia.

"Kifungeni bila sisi, baba."

Tukakodi gari aina ya Noah. Mimi mbele nikimhimiza dereva, wifi yangu nyuma amempakata mumewe, akimnywesha soda kidogo kidogo ili asiishiwe nguvu. Hakuna kati yetu aliyeona kosa. Tulipofika Makutano, Magesa hakuitikia tena jina lake.

Hospitalini Musoma muuguzi alimchoma kidole. Mashine ya sukari ikashindwa kutoa namba; kiwango kilikuwa kimevuka uwezo wake. Muuguzi akaitazama chupa mkononi mwa wifi, akaichukua.

Dripu. Insulini. Mlango ukafungwa.

"Wifi, nimemuua?" aliniuliza.

Nikamketisha kwenye benchi, nami nikaketi naye.

Daktari alipotoka alitueleza kwa lugha ambayo nitajaribu kuitunza. Corona, alisema, hatuihesabu kuwa ugonjwa wa mapafu tu. Kwa baadhi ya watu huvuruga namna viungo vinavyotumia chakula. Kongosho hulemewa kutengeneza insulini. Misuli huacha kuitii insulini iliyopo, na ini nalo huendelea kumwaga sukari kwenye damu kana kwamba mwili una njaa. Baadhi ya dawa za kuokoa mapafu nazo hupandisha sukari.

Mwili uliozungukwa na sukari usiyoweza kuitumia huanza kuunguza mafuta yake. Moshi wa moto huo, alisema, ni tindikali, na ndiyo yenye harufu ile. Zile pumzi nzito zilikuwa juhudi za mwili kuitoa.

Aliongeza kwa uaminifu kwamba hawezi kuapa kuwa ni corona peke yake. Huenda kisukari kilikuwa kimejificha tangu awali. Nilimheshimu kwa hilo.

Magesa alifumbua macho kesho yake. Aliomba maji. Kisha akauliza funguo ziko wapi.

Jioni baba mdogo alikuja. Alisimama mlangoni muda mrefu, kofia mkononi. Katika mkono wa pili alishika mfuko, na ndani ya mfuko, wakuu, kulikuwa na soda mbili.

Wifi alimwahi kabla hajafika kitandani. Akapiga goti kama ilivyo adabu, akaupokea mfuko.

"Hii hapana, baba. Yeye mpe funguo."

Baba mdogo akazitoa mfukoni mwa suruali na kuziweka juu ya shuka. Magesa alizifunika kwa kiganja akalala nazo.

Leo anajichoma insulini, anapima sukari, na anaongoza ibada kama zamani.

Funzo langu ni hili. Aliyepona corona akiwa na kiu isiyokatika, mkojo usioisha na mwili unaopungua, apimwe sukari kabla ya kuongezewa uji. Na tusimhukumu mtu kwa harufu. Tulikaribia kumzika ndugu yetu kwa jina la mlevi, na tungeondoka makaburini tukiamini tumetenda haki.

Nani mwingine ameona mgonjwa wake akibadilika hivi baada ya corona? Andikeni. Na anayekuja kuniambia corona ilikuwa mafua tu, aanze kwa kunieleza zile pumzi.